Miguu: Sawa

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili ni la miguu yangu. Kwenye jalada mke wangu aliandika MIGUU kwa kalamu nyekundu, akapigia mstari chini, maana alikuwa mtu wa kupigia mistari. Muuguzi wa kliniki ya sukari ndiye aliyetupatia, miaka miwili iliyopita, siku aliponichoma nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki akitaka kujua kama nahisi. Nilimwuliza ataanza lini. Akasema ameshamaliza.

Tangu siku ile, kila jioni mke wangu alikaa kitandani, akauweka mguu wangu mapajani, akaangalia wayo, kisigino na katikati ya vidole, kisha akaandika. Mwandiko wake unaishia tarehe 19 Januari. Tarehe 20 aliamka, akaanguka mlangoni pa bafu, na kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshafariki. Presha, walisema.

Leo muuguzi ameuliza daftari liko wapi. Nikamwambia nimelisahau nyumbani. "Mzee wangu," akasema, "wewe unatembea kutwa. Mwenye sukari akipata lengelenge asilisikie, linakuwa kidonda. Kidonda kinakula kidole, kidole kinaita mguu. Angalia kila siku, na uandike." Basi naandika.

Miguu: sawa.

Jumanne, 5 Machi

Mvua imeanza. Miguu: sawa.

Alhamisi, 7 Machi

Kazi yangu ni kusoma mita za maji. Zoni yangu inaanzia kwenye tangi kuu na kuishia ukuta wa machinjio. Pikipiki ya zoni ilikufa injini mwaka jana, kwa hiyo natembea, kilomita kumi na tano siku nzuri. Mvua ikinyesha, visanduku vya mita vinajaa maji. Inabidi upige magoti, ukombe maji kwa kopo, ufute kioo cha mita kwa kidole, ndipo usome.

Kabla yangu zoni hii ilikuwa ya Kamanda, ambaye sasa ni mlinzi wa lango la ofisi. Kamanda ana mguu mmoja. Wa pili ulikatwa chini ya goti, sukari hii hii. Yeye ndiye aliyenifundisha kutembea, wakati bado anayo miwili. Soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya nje nzito, zisuguane zenyewe ziiache ngozi. Mafuta ya mgando kisiginoni na vidoleni kabla ya kuvaa. Soksi kavu ya akiba mfukoni, ubadilishe mchana. Kamba uikaze kwenye kifundo ili kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu. Na ukihisi mahali panapata moto, usiongeze hata nyumba moja: kaa chini, bandika plasta. "Lengelenge linapiga hodi kabla ya kuingia," alikuwa akisema. Shida ni kwamba kwangu hakuna aliye ndani wa kuitika.

Asubuhi alinipigia saluti langoni. "Vipi, bado unayo yote miwili?"

"Hesabu mwenyewe."

Ni mzaha wetu wa miaka. Leo sikucheka wala sikuudhika.

Miguu: sawa.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe bado yupo. Alikuja kwenye msiba na begi moja, na sasa ni wiki ya saba. Sina ugomvi naye. Sijui tu kwa nini haondoki, na kuuliza siwezi, maana ukimuuliza mkwe ataondoka lini umeshamfukuza. Tunaishi kama wapangaji wawili wenye adabu. Nikiingia sebuleni, anavuta kitambaa chake kichwani na kwenda jikoni. Tunasalimiana asubuhi, tunasalimiana jioni. Chakula nakikuta mezani kimefunikwa. Soksi zangu nafua mwenyewe, maana kuna vitu mkwe havigusi.

Nadhani anasubiri vitu vya binti yake vigawanywe. Sanduku la nguo sijalifungua. Angelichukua tu, nisingesema kitu.

Miguu: sawa.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala kutwa. Sawa.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Sawa.

Alhamisi, 14 Machi

Ofisi imegawa mabuti ya mpira. Namba yangu ni arobaini na tatu, yaliyobaki ni arobaini na mbili. "Jaribu tu," msimamizi akasema, "mpira unatanuka." Nikavaa, nikatembea hadi kwenye ngazi na kurudi. Hayakunibana hata kidogo. Yangenibanaje? Hata ningevaa kopo la rangi lisingenibana.

Kamanda aliyaona nikitoka. "Hayo ya nani?"

"Yangu."

"Kiatu kinachaguliwa jioni, mguu ukiwa umevimba kwa kutembea. Wewe umechagua asubuhi, tena namba ya mtoto wa shule."

Nikamwambia mvua haisubiri jioni. Akanitazama miguuni, akatazama mguu wake wa bandia, akafungua lango.

Soksi mbili hazikuingia. Nimevaa moja.

Miguu: sawa.

Ijumaa, 15 Machi

Nyumba arobaini. Mbwa wawili, wote waoga. Sawa.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Sawa.

Jumatano, 20 Machi

Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma maelezo haya. Watu hutazama neno la mwisho tu. Sijaangalia miguu yangu tangu tarehe 4. Hata siku ile niliitazama kwa juu, kama mtu anayemsalimia jirani bila kusimama. Kuuona wayo wako mwenyewe kunataka kioo. Kioo kiko kwenye meza yake, na mbele ya kioo kuna kitana chenye nywele zake. Kwa hiyo nikirudi navua mabuti, najimwagia maji, navaa soksi nyingine, nalala. Halafu naandika sawa.

Najua ni makosa, na kujua hakunisogezi. Tangu Januari ni kama nilipigwa sindano ya ganzi, ile ya kung'oa jino, lakini mwili mzima, kisha daktari wa meno akaenda kula chakula cha mchana.

Miguu: sawa.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekuta kioo bafuni, sakafuni, kimeegemezwa ukutani karibu na ndoo. Kioo chake. Nani anaweka kioo chini bafuni? Nilikasirika, mara ya kwanza tangu msiba, nikakirudisha mezani. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Hakuinua uso.

Miguu: sawa.

Jumanne, 26 Machi

Kioo kimerudi bafuni. Nimekirudisha. Sawa.

Jumatano, 27 Machi

Kioo tena. Safari hii pembeni yake kuna jozi mbili za soksi mpya, nyembamba na nzito, zimekunjwa vizuri. Kioo nimekirudisha. Soksi nimeziacha palepale.

Sawa.

Jumamosi, 30 Machi

Leo Mama ameongea na birika. Nilikuwa sebuleni, mlango wa jikoni uko wazi, na mle ndani hamkuwa na mtu mwingine.

"Wewe birika," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "mtu akikimbilia kuanua nguo mvua isizilowanishe, akaona doa kwenye soksi ya kushoto, afanyeje? Mama mkwe amwambie mwanaume mzima vua kiatu nikuone? Haya, nijibu."

Birika halikujibu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe kaa tu hapo na mdomo wako mrefu."

Nilipaswa kuinuka. Nikaendelea kusoma gazeti la juzi. Doa linaweza kuwa kutu, visanduku vya mita vimejaa kutu.

Miguu: sawa.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kutwa. Kamanda anasema natembea kama mtu anayekanyaga mayai upande mmoja. Nimemwambia ni matope. Sawa.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo naandika kwa kirefu.

Saa nane mchana nilifika kwa mwalimu mstaafu. Mita yake iko uani, na njia pekee ya kufika ni ukumbi wake wa ndani, wenye vigae vyeupe. "Baba, vua mabuti," akasema, "nimetoka kupiga deki sasa hivi." Nikavua, nikapita na soksi, nikasoma mita, nikarudi. Nikamkuta amesimama katikati ya ukumbi ameshika ufagio wa deki, anatazama sakafu nyuma yangu.

"Baba, umekanyaga nini?"

Nikageuka. Kutoka mlango wa uani mpaka niliposimama kulikuwa na madoa, mekundu yanayoelekea weusi, kila moja ukubwa wa kifuniko cha soda. Yote ya mguu wa kushoto. Moja kwa kila hatua.

"Samahani," nikasema, "nitafuta." Na kweli nilipiga magoti nikaomba kitambaa.

"Achana na sakafu! Kaa chini, wewe mtu!"

Sikukaa. Nilivaa buti, nikamshukuru, nikaenda nyumba inayofuata. Nilisoma nyumba tatu zaidi. Nimejaribu kutafuta sababu ya kuandika hapa na sina. Zilikuwa tatu, mvua ilikuwa imekatika, nikazisoma.

Nyumbani nilikaa kitandani. Buti ilitoka, soksi ikakataa. Niliivuta na haikuja. Nilipoinua macho, Mama alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, mahali ambapo hajawahi kusimama. Safari hii hakulitafuta birika.

"Baba," akasema, "naomba huo mguu."

"Mama, haifai."

"Najua haifai. Naomba."

Alileta beseni la maji ya vuguvugu. Aliyapima kwanza kwa kiwiko chake, maana mimi ningeungua nisijue. Akaulowesha mguu mpaka soksi ikaachia. Halafu akaenda kwenye meza, akakisogeza kitana pembeni kama kitu chochote kile, akaniletea kioo. "Shika. Na wewe uone."

Nikaona. Kisiginoni lengelenge zima, limejaa, pana kama kiganja cha mtoto. Chini ya kidole kidogo lilikuwapo jingine, lakini hilo lilipasuka siku nyingi. Ngozi yake ilikuwa imejikunja, na chini yake shimo lenye kingo nyeupe. Kidole chenyewe kilikuwa na rangi ambayo siiandiki. Harufu niliisikia wakati huo. Pua yangu bado inafanya kazi.

Ndipo akazungumza, na nadhani aliyosema yalizidi yote aliyowahi kuniambia tangu nimuoe binti yake. Miaka thelathini alibeba robota la mitumba kichwani, soko hadi soko, kwa miguu. "Malengelenge nayajua kama wanangu," akasema. "Dogo unaliwekea plasta, unaliacha likauke lenyewe. Kubwa linalokuzuia kutembea, unachoma sindano motoni, unalitoboa pembeni, maji yanatoka. Ngozi huivui, ndiyo kifuniko chake. Kesho asubuhi unabeba robota lako." Sindano ilikuwa tayari imechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake. Sijui ilikaa pale siku ngapi. Akawasha kiberiti, akaipasha.

Akashika kisigino, akabonyeza kando ya lengelenge kwa kidole gumba. Mimi nilikuwa natazama kwenye kioo. Akabonyeza tena, kwa nguvu.

"Mbona huuvuti mguu?"

"Sihisi, Mama."

"Hata hapa?"

"Hata hapo."

Akairudisha sindano kwenye ukosi. "Nimeshika miguu mingi. Mguu wowote ukiubonyeza hivi, unaruka. Huu umetulia tu kama si wako. Huu sio wa sindano yangu. Inuka twende."

"Kesho asubuhi, Mama. Leo nimechoka."

"Kesho," akasema, "ndiyo iliyomchukua binti yangu."

Sikumwelewa. Lakini niliinuka.

Jumamosi, 6 Aprili

Wamenilaza. Daftari Mama alilibeba kwenye begi lake, akamkabidhi muuguzi wa wodi bila kuniuliza. Muuguzi akafungua, akasoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, kama anayeita majina ya darasa: "Sawa. Sawa. Sawa. Sawa." Akaninyooshea. "Hizi kaandika nani?"

"Mimi."

"Na hizi za mwanzo?"

"Mke wangu."

"Yeye alikuwa anaangalia," akasema.

Daktari anasema kidole kidogo lazima kitoke. Kama uozo haujapanda, mguu utabaki. Kama umepanda, tutazungumza. Nilimfikiria Kamanda na kiti chake langoni.

Jumatatu, 8 Aprili

Wamekata kidole. Sikuhisi kitu. Hata sindano ya ganzi niliona wanapoteza dawa. Mpaka Ijumaa ndipo watasema kuhusu mguu.

Jumatano, 10 Aprili

Wodini hakuna cha kusoma ila daftari hili, kwa hiyo nimelisoma tangu mwanzo. Miaka miwili, sikuwahi.

Mwandiko wake ni mdogo, umesimama wima. Kulia sawa. Kushoto ngozi kavu kisiginoni, nimepaka mafuta. Kucha za vidole gumba nimekata, pembeni sikuchimba. Lengelenge dogo nyuma ya kifundo, nimembandika plasta, kesho avae viatu vya zamani. Kulia sawa, kushoto sawa, leo amerudi na mchanga kwenye kiatu, nimeukung'uta. Kila jioni. Hakuna hata moja aliyoruka.

Kuanzia Novemba, pembezoni mwa ukurasa, kuna neno jingine kwa herufi ndogo zaidi. Kichwa. Siku tatu mbele: kichwa tena. Desemba: kichwa, naona nyota. Tarehe 17 Januari: miguu sawa, kichwa tangu asubuhi, nitakwenda kupima kesho. Tarehe 18: miguu sawa, nitakwenda kesho. Tarehe 19: miguu sawa, kesho.

Nimehesabu kila palipoandikwa kichwa. Mara ishirini na tatu.

Jioni zote hizo mguu wangu ulikuwa mapajani mwake, na ukurasa huu ulikuwa mbali na uso wangu kama mkono mmoja. Nilikuwa nasoma gazeti. Au namsimulia habari za mbwa wa zoni yangu, yupi kang'ata nani. Sikuwahi kuuliza unaandika nini, kwa kuwa nilijua anaandika habari zangu. Alinitazama nyayo miaka miwili, na mimi sikumtazama uso mara moja nikaona ameshika kichwa. Mimi nilikuwa na ugonjwa wa kutohisi miguu. Kule kutomtazama yeye hakukuwa ugonjwa.

Nimelia. Nimelia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaita muuguzi, akidhani ni mguu.

Saa ya kuona wagonjwa Mama alikuja na chupa ya uji. Nikampa ukurasa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Alinieleza kwenye simu," akasema. "Nikamwambia nenda. Kila siku akasema kesho, Mama, kesho. Nikamwamini." Alifunga daftari, akaliweka juu ya shuka. "Ndiyo maana sijaondoka. Nilipokuona wewe na lile gazeti lako, nikasema kesho ya huyu siiamini."

Na mimi nilidhani anasubiri sanduku la nguo. Niliona aibu, na nilimwambia. Akasema kunywa uji.

Ijumaa, 12 Aprili

Mguu unabaki.

Jumatatu, 29 Aprili

Nyumbani. Kidonda kinaoshwa kila siku. Mama ananifunika goti kwa kitambaa, ananiangalia mguu tu, juu ya kifundo hatazami. Kusema nami bado anaona haya, kwa hiyo anasema na mguu. "Leo umetulia. Jana ulikuwa na maji maji. Usimsikilize mwenyewe, nisikilize mimi." Nami naandika anachouambia.

Kushoto: mshono mkavu, wekundu kidogo kando. Kisigino kimefunga. Kulia: sawa. Ameangalia Mama.

Jumatatu, 13 Mei

Nimerudi ofisini. Zoni wamempa msomaji mwingine, na daktari ameandika kwamba siirudii. Nilidhani nitaumia zaidi. Nimeumia kiasi.

"Bado unayo yote?" Kamanda akauliza.

"Kasoro kimoja."

"Kidole tu? Hicho hakihesabiwi. Ukikiuliza hata chenyewe kitasema kilikuwa kinakaa bure." Tukacheka wote wawili, mpaka msimamizi akachungulia dirishani.

Nilimkuta mrithi wangu anajaribu mabuti, saa mbili asubuhi. Nikamwambia avue, arudi ayapime jioni akiwa na soksi mbili. Aliniona mzee msumbufu. Nikavua kiatu nikamwonyesha. Amesema atarudi jioni.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua zimekwisha. Vumbi limeanza mapema, kama kawaida.

Asubuhi nilimpeleka Mama kliniki kupima presha. Alipinga njia nzima. "Mimi nimekuja kukuangalia wewe, sikuja kuangaliwa." Ilikuwa juu. Wamempa dawa, kidonge kimoja kila siku, na nimeomba apewe tarehe ya kurudi kwa maandishi.

Jioni hii nimechora mstari katikati ya ukurasa kwa kalamu nyekundu, kutoka juu hadi chini.

Miguu. Kushoto: kovu kavu, hakuna lengelenge, hakuna wekundu. Kulia: sawa. Ameangalia Mama, nimeangalia na mimi kwa kioo.

Mama. Dawa amekunywa, nimeona. Nimemuuliza kichwa. Akasema hakiumi. Nikaweka kalamu chini, nikamtazama usoni, nikamuuliza tena.